Kwa Mzee Pindua, Kuhusu Chupa Ile

Mwaka umetimia, baba, tangu ututoke mchana wa jua kali, kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume. Wengi wanaoandika kumbukumbu kama hii husema mpendwa wao alipumzika kwa amani. Wewe hukupumzika kwa amani, na hatutaandika hivyo. Ungelisoma tangazo hili kama ulivyokuwa ukisoma ripoti za viwanda, kalamu mkononi, na sentensi hiyo ungeikata.

Mke wako anaumwa. Ugonjwa wake unatibika, lakini kwa miezi mingi amekataa kutibiwa, na sababu ni wewe. Yeye ndiye aliyetuambia, sisi wa nyumbani kwako, tuandike mambo kama yalivyotokea. Mtaani yanasemwa mengine. Wapo wanaosema nesi alichelewa. Wapo wanaosema ulirogwa na watu wa kiwanda ulichokisimamisha. Yote mawili si kweli, na la kwanza limemuumiza mtu asiye na kosa.

Ulikuwa mkaguzi wa viwanda vya dawa. Majirani walidhani kazi yako ni kuzunguka madukani ukitafuta vidonge vilivyokwisha muda, na ulichoka kuwasahihisha. Ulikwenda kule dawa zinakotengenezwa, bila kupiga simu kwanza. Ulifika asubuhi na chupa yako ya chai kwapani, kwa sababu chai ya kiwandani hukuwahi kuionja. Mkurugenzi alipokuongoza kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya ngozi, ulimwomba akuonyeshe pipa la taka. Ulisema ukumbi husafishwa kwa ajili ya mgeni, lakini pipa hakuna anayelikumbuka. Kutoka hapo ulikwenda kwenye mfereji wa maji machafu, ukaingia chumba cha kubadilishia nguo, ukaangalia dari juu ya pipa kubwa la kuchanganyia. Karatasi zao ulizisoma mwisho, ukiwa tayari unajua zinapaswa kusema nini.

Mkurugenzi mmoja alikuuliza, mbele ya wafanyakazi wake, kama umekuja kukagua dawa au kuokota makopo. Ulimjibu kwamba itategemea utakachokikuta. Hayo tulisimuliwa msibani na mkaguzi mwenzako, yule binti uliyemfundisha kazi tangu alipotoka chuoni. Ndiyo mara pekee watu walipocheka siku ile.

Jina la Pindua ulipewa na wanawake wa meza ya kukagulia chupa. Kwenye kiwanda cha maji ya dripu, kila chupa kabla haijaingia kwenye boksi hushikwa chini ya taa, mbele ya ubao mweusi kisha mbele ya ubao mweupe, na kupinduliwa taratibu. Uchafu mweupe huonekana kwenye weusi, na mweusi huonekana kwenye weupe. Mtu akiipitisha chupa kwa haraka, ulisimama nyuma yake na kusema neno hilo moja. Hukufoka. Wale wanawake walilichukua likawa jina lako, wakalipeleka mtaani, na mwishowe hata mama mdogo wetu akawa anakuita shemeji Pindua.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Soda, asali, mafuta ya kupikia, hakuna kilichomiminwa kabla hujakishika mbele ya dirisha. "Mzee, hii ni asali, si sindano," mke wako alikuambia. "Nyuki hawavai barakoa." Ulicheka, ukaipindua hivyo hivyo.

Pete yako ya ndoa hukuivaa, kwa kuwa kwenye vyumba safi pete hairuhusiwi, na uliogopa kuivua na kuisahau. Uliifunga kwenye kishada cha funguo. Mke wako alikuwa anakutania kwamba viwandani kote wanajua una mke aitwaye Kufuli. Mgonjwa akitoka hospitali mtaani kwetu, ulikwenda kumjulia hali, na kabla ya kuondoka ulimwomba akuonyeshe dawa zake. Ulimweleza taratibu kipi kinanywewa baada ya chakula, kipi kinanywewa tumbo likiwa tupu. Vidonge vilivyohifadhiwa juu ya jiko, vimelowa mvuke, ulivichukua, na jioni ulirudi na vipya ulivyonunua mwenyewe. Hukuwahi kulisema hilo nyumbani. Tulilijua kwenye mazishi yako, kutoka kwa watu tusiowajua.

Mke wako ni fundi cherehani, na wewe ndiye uliyeamua kwamba macho yake ni ya kazi yako pia. Ulimtengenezea mtihani mezani pake. Ulipanga chupa ndogo za maji, nyingine safi, nyingine umetumbukiza uzi mwembamba au unywele, ukamwambia atenge mbovu. Hakukosea hata moja. Tena aliipata yenye uzi ambao wewe mwenyewe hukuwa umeuweka, umeingia kutoka kwenye kitambaa ulichofutia. Ulijivuna kazini mpaka wakachoka. Ulisema mkeo angekuwa mkaguzi, viwanda vyote vingefungwa na nchi ingetibiwa kwa maji ya moto.

Ukamfundisha na lile linalowakosesha wengi. Ndani ya chupa iliyotikiswa huwa kuna viputo vya hewa, na kiputo kidogo hung'aa kama chembe ya uchafu. Ukiishika chupa ikatulia, kiputo hupanda juu na uchafu hushuka. Ikiwa bado una shaka, weka kando. Hivyo ndivyo ulivyosema kila mara: ukiwa na shaka, weka kando.

Wiki chache kabla ya kifo chako ulisimamisha kiwanda kikubwa cha dripu. Ulikuta nyuzi kwenye chupa zilizokwisha fungwa, chupa nyingi, na ukafuata zilikotoka mpaka kwenye kitambaa kilichochakaa ndani ya chumba cha kujazia. Mkurugenzi alikupigia simu nyumbani wakati tunakula. Aliongea kwa sauti kubwa hata mke wako aliyekuwa ng'ambo ya meza akamsikia.

"Mzee, unaua hospitali. Yale ni maji tu."

Ulimwambia mtu hawekewi maji tu mshipani, ukamtakia mchana mwema, ukarudi kwenye sahani yako, lakini hukula. Ulikuwa huli vizuri tangu siku nyingi. Tumbo lilikuuma, ukasema ni vidonda vya zamani, ukameza vidonge vya maumivu ukaenda kazini. Mke wako alikuuliza kila siku na kila siku ulimjibu kwamba kesi ya kiwanda ikiisha utakwenda kupimwa. Hukuruhusu tofali lenye ufa lipite kwenye ukuta wa kiwanda. Mwili wako uliupitisha bila hata kuutazama.

Siku ile ulianguka bafuni. Tumbo lako lilikuwa gumu kama meza. Jirani alitupeleka kwa gari lake, na daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye maneno machache, alikubonyeza mara moja akasema utumbo umetoboka, chumba cha upasuaji kiandaliwe, na wakati kinaandaliwa uwekewe dripu upesi kwa sababu presha yako inashuka.

Nesi alikuja akikimbia. Ni mwanamume wa makamo, mnene kidogo, anayetembea haraka kuliko umbo lake linavyoonyesha. Alikuwa na chupa mkononi. Mke wako alisimama kati yake na kitanda, akasema aione kwanza. Nesi alidhani amemsikia vibaya. Akamjibu kwa upole kabisa, kama mtu anayemtuliza aliyefiwa kabla hajafiwa.

"Mama, haya ni maji tu."

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Mke wako alimpokonya chupa. Alimwambia binti yako mkubwa avue mtandio wake mweusi na kuutandaza, na binti yako aliutandaza, akaushika ukanyooka, kwa kuwa nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la ajabu. Mke wako aliipindua chupa mbele ya ule weusi. Akaona chembe nyingi, ndogo, zinang'aa. Alizisubiri zipande au zishuke. Hazikupanda wala hazikushuka. Zilizunguka tu.

Akasema ina uchafu, irudishwe. Nesi aliichukua, akaiangalia kwenye dirisha, akasema yeye haoni kitu.

"Wewe huoni," mke wako alimwambia. "Mimi naona. Unajua huyu aliyelala hapa ni nani?"

Alijua. Hospitali nzima ilijua, kwa sababu wewe ndiye uliyefanya stoo yao iwe karibu tupu. Nesi alikutazama. Ulikuwa umefumbua macho lakini hukuwa pamoja nasi. Kama ungekuwa muuza nyanya, asingemsikiliza mke wako. Angemsogeza pembeni kwa bega lake pana na kufanya kazi yake. Lakini ulikuwa Mzee Pindua, na mke wa Mzee Pindua amesema chupa ni mbovu. Aliirudisha. Chupa za wodi ile zilikuwa zimekwisha, ikabidi aifuate nyingine wodi ya wazazi, jengo la pili, na tulimwona kupitia dirishani akivuka uwanja mbio.

Aliporudi, mke wako hakuomba kuiona ile ya pili. Alikuwa amekishika kichwa chako na rangi ya midomo yako ilikuwa imebadilika. Nesi alikufunga mpira mkononi akatafuta mshipa. Mshipa haukuwepo. Presha ikishuka sana mishipa huzama, na hata nesi mzoefu hupapasa kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Alijaribu mkono wa kulia, akajaribu wa kushoto. Daktari alikuja akajaribu shingoni. Ulikata roho wakati anajaribu, na mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi unakusubiri.

Mke wako hakulia pale. Alidai ile chupa ya kwanza ipimwe. Mkaguzi mwenzako alifika, akaifunga kwenye mfuko, akaipeleka maabara kama kazi inavyotaka. Katika siku zote za msiba mke wako alimweleza kila aliyekuja kumpa pole kwamba mumewe aliletewa chupa chafu, na nyingine ikachelewa. Hakusema uongo. Alisema alichokiamini. Waliomsikia walikwenda nacho nyumbani kwao, kikakua njiani, na baada ya muda nesi alikuwa anaitwa muuaji sokoni na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Majibu yalipotoka, mkaguzi mwenzako aliyaleta mwenyewe. Mama mdogo alikuwepo, na binti yako mkubwa pia. Mgeni alikataa kiti, kisha akaketi.

"Mama, chupa ile ilikuwa safi."

Mke wako alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Aliuliza sasa yeye aliona nini.

"Viputo."

"Viputo hupanda. Vile havikupanda."

"Nesi alikuwa amekimbia nayo, mama. Ilitaka kutulia. Na mikono yako…" Hakumalizia.

"Mikono yangu ilikuwa inatetemeka," mke wako akamalizia yeye.

"Ndiyo, mama."

Mama mdogo alimgeukia yule mkaguzi akiwa na hasira ambayo hakuwa na pa kuipeleka. Alimuuliza kama huko kazini hawafundishwi hata adabu ya kudanganya kidogo. Mkaguzi alijibu kwa sauti ndogo kwamba mzee hakumfundisha hilo. Alikaa nasi mpaka jioni, na alipoaga mke wako alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, akarudi ndani, akaanguka mlangoni.

Alikwenda kwa daktari. Alimuuliza kama chupa ya kwanza ingewekwa, ungekuwa hai. Daktari alisema usaha ulikuwa umejaa tumboni tangu jana yake, hali ilikuwa mbaya, isingebadilisha sana. Mke wako alirudi nyumbani na neno hilo la mwisho. Alilala nalo, akaamka nalo, akarudi tena kumuuliza daktari: sana ni kiasi gani. Alirudi mara nyingi. Walinzi wa getini walimzoea wakaacha kumuuliza anakwenda wapi. Mwishowe daktari alivua miwani akamwambia ukweli.

"Sijui, mama."

Hilo ndilo jibu pekee aliloliamini.

Baba, tuna jambo la kukuambia, na tunaliandika kwa heshima. Ile kanuni yako ni ya kweli pale ilipozaliwa. Kwenye meza ya kiwanda kuna chupa maelfu na hakuna anayekufa mbele yako. Chupa nzima ikitupwa kwa makosa, kimepotea kioo na maji. Kitandani kuna chupa moja na mtu mmoja, na kuweka kando nako ni kumfanyia mtu jambo. Wewe ulilijua hilo. Haiwezekani kwamba hukulijua. Kwetu ulileta nusu ya kwanza tu, ukaileta kwa mapenzi na mizaha, na mke wako akaishika kwa sababu ilikuwa yako.

Tangu siku ile haamini macho yake. Anashona mshono ulionyooka kama mstari wa rula, anaufumua. Mteja akija kuchukua gauni, anamwomba alikague yeye mwenyewe kabla ya kuondoka, na wateja wanaona aibu kumwangalia mama mtu mzima akisubiri kama mwanafunzi. Binti yako mkubwa alihamia kwake. Anasema humsikia mama akiongea na wewe jikoni. Hakulilii. Anabishana nawe.

Maumivu yake yalianza ubavuni kulia. Picha ilionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari ni yule yule, naye alisema ni upasuaji wa kawaida, wanafanya kila wiki. Mke wako aliuliza kama atawekewa dripu. Aliambiwa hakuna upasuaji bila dripu. Akabeba mkoba wake akaondoka.

Tumembembeleza kwa kila njia. Mama mdogo, unamjua, hana breki. "Dada, kama umejihukumu, sawa," alimwambia. "Lakini hata wafungwa hupelekwa hospitali." Mke wako alicheka kidogo, tukapata matumaini, halafu akasema atakunywa vidonge vyovyote, dripu hapana. Majirani wanasema anaogopa uchafu. Haogopi uchafu. Siku moja binti yako mkubwa, akiwa anamkanda mgongo, alimuuliza anaogopa nini hasa, naye akamjibu bila kugeuka.

"Nilimnyima yeye. Niwekewe mimi?"

Tulizunguka kwa shangazi, kwa mashehe na kwa wachungaji, tukarudi kwa daktari, na kila mmoja alisema maneno mazuri ambayo hayakumfikia. Tulimwona anakonda. Tulimwona anaacha chakula cha mafuta, kisha chakula chote. Binti yako mkubwa alianza kulala mkekani kando ya kitanda chake ili asikie kama bado anapumua, na asubuhi wote wawili walijifanya kwamba mkeka uko pale kwa sababu ya joto.

Juma hili macho yake yaligeuka manjano na homa ikampanda hata akawa anamwita marehemu mama yake. Tulimbeba hatukumuuliza. Alipopata fahamu alikuwa wodi ya wanawake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuficha mikono yake yote miwili chini ya mgongo, akailalia. Daktari alimweleza kwamba uchafu wa nyongo umeingia kwenye damu, kwamba bila maji na dawa ya mshipani hafiki upasuaji. Alitikisa kichwa. Mama mdogo alitoka nje ya wodi ili asimpige. Binti yako mkubwa alipiga magoti sakafuni, mbele ya wagonjwa na wageni wao, akamsihi. Alitikisa kichwa.

Ndipo nesi akaja. Yule yule. Walikuwa wamemhamishia wodi ya wanawake baada ya maneno ya mtaani. Hakukimbia safari hii. Alikuwa ameishika chupa wima, imetulia, na mke wako alipomtambua alifumba macho.

Nesi alivuta kiti akaketi. Alimuuliza kama anamkumbuka, naye akaitikia kwa kichwa.

"Mama, mimi nilijua chupa ile ni nzima," alisema. "Niliiangalia nikajua. Nikakutii kwa sababu ya jina la mzee. Mwaka mzima najiuliza kwa nini nilikutii."

Mke wako alifumbua macho. Katika mwaka wote huo, baba, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anaibeba chupa ile. Alimtazama yule mtu aliyeitwa muuaji kwa maneno yaliyotoka nyumbani kwetu.

"Leo sikutii," nesi alimwambia. "Lete mkono."

Akautoa. Ulitoka taratibu chini ya mgongo, mwembamba, umeacha alama za shuka. Nesi alifunga mpira, akapapasa, akachoma, akabandika plasta, akatundika chupa, akafungua koki. Matone yakaanza. Binti yako mkubwa bado alikuwa anasogeza goti ainuke sakafuni.

Mke wako aliangalia mkono wake, akaangalia chupa juu, akarudi kuangalia mkono.

"Tayari?"

"Tayari, mama."

"Ndiyo haraka hivi?"

Nesi alijishughulisha na koki ambayo haikuhitaji kuguswa. Binti yako mkubwa alitaka kumwambia kwamba kwako ilikuwa tofauti, kwamba daktari alisema, kwamba usaha, kwamba jana yake, lakini maneno yote hayo mama yake alikuwa ameyasikia.

"Ndiyo, mama," nesi alisema. "Ni haraka hivi."

Mke wako aligeuza uso ukutani. Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu ututoke, bila sauti, na mkono wenye dripu aliunyoosha mbali na mwili wake, bila kuutikisa hata kidogo, ili maji yaendelee kushuka.

Hali yake tunapoandika haijatulia. Homa ikishuka watampasua. Daktari hajatuahidi kitu, nasi tumeacha kumuomba ahadi. Hatukuombi umsamehe, maana hatujui kama lipo la kusamehewa, na wewe ndiye uliyekuwa ukituambia lipi limethibitika na lipi halijathibitika. Tunaomba tu kwamba, kama mahali ulipo unaweza kuomba jambo, umwombee asije huko bado.

Wanaokukumbuka ni mke wako, akiwa wodi ya wanawake, ambaye ameagiza atajwe wa kwanza. Binti yako mkubwa. Mdogo wake, aliye njiani kurudi. Shemeji yako, mama mdogo. Mkaguzi mwenzako, ambaye sasa anakwenda viwandani peke yake. Na nesi, ambaye hakuomba kutajwa, lakini mke wako amesema aandikwe pamoja na jamaa.

Kukusahau hatuwezi, baba, hata siku zile ambazo tungetaka.